Orodha ya thieta inamlinda nani?

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya ukaguzi yenye vipengele 19, inayopitiwa thieta, yaani chumba cha upasuaji, mara tatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kisu, na kabla mgonjwa hajatolewa chumbani. Utafiti wa hospitali nane, ya Ifakara, Tanzania, ikiwemo, uliochapishwa 2009, ulionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8.

Halafu jimbo la Ontario, Kanada, likatia mchanga kitumbua. Katika hospitali 101 zilizoanza kuitumia kwa agizo, matokeo ya 2014 hayakuonyesha nafuu ya maana: vifo vya asilimia 0.71 vikawa 0.65. Wakosoaji wakapata la kusema: ni karatasi nyingine tu ya kumpotezea muuguzi muda.

Wana hoja, ila nusu. Orodha ikijazwa na mtu mmoja pembeni huku daktari bado ananawa mikono, swali la kama gozi zote zimehesabiwa hutikiwa hata kabla gozi ya kwanza haijaguswa. Karatasi ya namna hiyo haimwokoi mtu. Penye faida, kazi husimama kidogo: kila mmoja anataja jina na jukumu lake, upande wa kupasuliwa unatamkwa kwa sauti, inathibitishwa kwamba antibayotiki imetolewa ndani ya dakika 60 zilizopita. Muuguzi mgeni ambaye ameshasikika chumbani hapati kigugumizi sana kumwambia bingwa "subiri". Agizo la wizara linaweza kuleta fomu. Ujasiri huo haliuleti, hasa pale bingwa anapofoka.

Ajabu ni kwamba pande zote mbili hubishania mgonjwa tu. Katika vipengele vile 19 hakuna kinachouliza visu na sindano vitapitishwaje, ingawa mhudumu akichomwa anaweza kuambukizwa homa ya ini au VVU. Glavu jozi mbili husaidia. Husaidia pia sinia la katikati: mmoja anaweka kisu, mwingine anakiokota, mikono haikutani. Baadhi ya madaktari hulipinga kwa sababu linawaondoa macho kwenye kidonda. Damu ikiwa inaruka, nawaelewa. Kwenye operesheni iliyopangwa wiki nzima kabla, sioni haraka hiyo inatoka wapi.