Fimbo Tatu za Mama Mkwe

Kanuni ya gofu inamkataza mchezaji kuanza raundi akiwa na fimbo zaidi ya 14, nami nilikuwa na 17. Hesabu hiyo ndiyo iliyonikalisha sebuleni hadi saa tano usiku, siku moja kabla ya mashindano ya wanachama wa klabu yetu hapa Nairobi, nikizitandaza fimbo mkekani na kuzikusanya tena kama mganga apigaye ramli.

Nilikuwa na draiva moja (fimbo ya kupigia mbali kuliko zote), fimbo za mbao namba 3, 5 na 7 (ambazo siku hizi hutengenezwa kwa chuma, ila jina limegoma kubadilika), hibridi namba 4 (chotara wa mbao na chuma), fimbo za chuma kuanzia namba 3 hadi 9, weji nne (fimbo za kuuinua mpira juu kwa umbali mfupi) zenye uso wa mlalo wa digrii 46, 52, 56 na 60, na puta ya kuuviringishia mpira shimoni. Draiva na puta hazikuwa na kesi. Hibridi namba 4 na ya chuma namba 4 hufanya kazi moja, na mtu mwenye akili timamu angeiacha mojawapo bila kuitisha kikao. Ile ya chuma namba 3 sijapata kuipiga sawasawa tangu niinunue, lakini kila nikiitazama humwona mchezaji ninayekusudia kuwa, na ni vigumu kumwacha mtu huyo nyumbani siku ya mashindano. Isitoshe, gofu nilijifunza Mombasa, pembeni mwa bahari, ilhali Nairobi iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, ambako hewa ni nyepesi na mpira huruka mbali zaidi kwa karibu asilimia 10. Hadi leo nikiulizwa namba 7 yangu hufikisha mpira wapi, hujibu kwa kukohoa.

Mwishowe nilikata shauri. Nilizitoa ya mbao namba 7, ya chuma namba 3 na weji ya digrii 60, nikaziegemeza ukutani kando ya mlango, nikahesabu zilizobaki mara mbili, zikawa 14, nikaenda kulala nikiwa na amani ya mtu aliyegawa urithi bila ugomvi.

Nilichosahau ni kwamba mama mkwe wangu, aliyekuja kutoka Mombasa kutusalimia, huamka kabla ya alfajiri. Baada ya kuswali alipita sebuleni, akaziona fimbo tatu zimesimama peke yake mlangoni, akamhurumia mkwewe msahaulifu. Alizirudisha mfukoni moja moja, kwa utaratibu, akatia na mahamri kumi yaliyofungwa kwenye kitambaa ndani ya mfuko mdogo ambao mimi huwekea mipira. Nilipoamka nilimwamkia, akaniitikia na kuniambia, "Nenda salama, baba Zuhura, kila kitu chako kimo." Nilidhani ananiombea dua.

Mashimo matatu ya kwanza niliyacheza kwa namna ambayo, kwa mchezaji wa handikapu ya 24 (yaani anayepunguziwa mikwaju 24 kwa kuwa si hodari), ilikaribia kuwa utukufu. Sikuingia kwenye banka, ile mitego ya mchanga, hata mara moja. Tulipofika kwenye kianzio cha shimo la 4, lililo mbali na lenye kudai mkwaju mmoja mrefu, kedi wangu, yaani mbeba mfuko wa fimbo, alinyoosha mkono mfukoni, akanikabidhi fimbo na kusema, "Jaribu hii ya chuma namba 3, bosi." Niliitazama. Nayo, naapa, ilinitazama.

Nilizihesabu mara tatu, na kila mara zilikuwa 17. Mwenzangu aliyekuwa akiniandikia alama ni wakili, na sijui kama kuna adhabu kubwa kuliko kuvunja kanuni mbele ya wakili aliye likizoni. Alinieleza, kwa furaha aliyojitahidi kuificha, kwamba adhabu ni mikwaju 2 kwa kila shimo ambalo kosa lilitendeka, isipokuwa haizidi mikwaju 4 kwa raundi nzima. Kwa hiyo shimo la 3 nilisamehewa. Nilimgeukia kedi nimwulize kwa nini hakuhesabu. Alinijibu, kwa upole wa mtu aliyebeba mizigo ya watu tangu ujana wake, kwamba yeye alihisi tu kuwa mfuko ni mzito, akadhani ni mahamri, maana yalikuwa yakinukia tangu shimo la 1.

Kisha, ili kunifariji, alinisimulia habari za Ian Woosnam, ambaye mwaka 2001 alianza siku ya mwisho ya mashindano ya Open ya Uingereza, katika uwanja wa Royal Lytham & St Annes, akiwa miongoni mwa waliokuwa wakiongoza. Alikaribia kuutumbukiza mpira kwa mkwaju mmoja kwenye shimo la kwanza, na alipofika kwenye shimo la pili akaambiwa na kedi wake kwamba mfukoni mna draiva mbili na fimbo 15. Alipigwa mikwaju 2, akamaliza akiwa na wenzake katika nafasi ya tatu. Nilifarijika mpaka nilipokumbuka kwamba yeye alizidisha moja tu.

Sasa lilikuja jambo ambalo mama mkwe hahusiki nalo hata kidogo. Kanuni inamtaka mchezaji aziondoe mchezoni fimbo zilizozidi kabla hajapiga tena, lakini inamwachia yeye achague ni zipi. Ningeziondoa zile zile tatu za jana usiku, kisa hiki kingeishia hapo. Lakini shimo la 4 liliidai ya mbao namba 7, na ya chuma namba 3 nilikuwa nimeishika mbele ya watu wanne waliokuwa wakisubiri zamu nyuma yetu, nikaona haya kuirudisha. Basi nikatangaza, kwa sauti ya hakimu, kwamba naondoa ya chuma namba 4 na weji za digrii 56 na 60, kwa kuwa mimi na mchanga tulikuwa tumeachana. Kedi alizipindua mfukoni vichwa chini, mipini juu, ili ijulikane kwamba hazimo mchezoni. Alifungua kinywa, kisha akakifunga.

Kwenye shimo la 7, mkwaju wangu wa pili uliingia kwenye banka lenye ukingo wa kunifika kifuani. Weji ya mchangani, ile ya digrii 56, ina tako nene lililoinama, ambalo huteleza chini ya mpira na kuuinua pamoja na mchanga. Ya digrii 52 niliyobaki nayo ina ukali wa jembe, na kazi yake niliiona. Mkwaju wa kwanza ulichimba. Wa pili uliongeza kina. Wa tatu ulinijaza mchanga masikioni, na mpira ukarudi miguuni kwangu kama paka wa nyumbani. Juu ya ukingo niliuona mpini wa digrii 56 ukiwa umechomoza mfukoni, umbali wa hatua tatu, na wakili akanikumbusha, bila kuulizwa, kwamba nikiutumia nitaondolewa mashindanoni. Hatimaye niliupa mgongo uwanja, nikaupiga mpira kuelekea nilikotoka, na kwa njia hiyo nikaondoka humo. Nilimaliza shimo hilo, linalotazamiwa kumalizwa kwa mikwaju 4, kwa mikwaju 10. Wenzangu walikuwa wameketi nyasini wakila mahamri yangu, na wakili alikuwa akiuliza kama hayakuletwa na mbaazi.

Nilifika nyumbani jioni nikiwa wa mwisho kwa alama, viatu vimejaa mchanga. Mama mkwe alinipokea mfuko mlangoni, akaupapasa kuhakikisha hakuna kilichopotea, akaniuliza, "Je, mwanangu, zile tatu zilikufaa?"

"Zilinifaa sana, mama," nikajibu. "Ahsante."

"Nilijua. Ulikuwa umezisahau mlangoni."

Mke wangu alikimbilia jikoni, leso imeziba kinywa.