Wobble moja, maneno yetu kibao

Juzi hapa Moshi nimepeleka baiskeli kwa fundi Mbuyuni, akaipindua, akazungusha gurudumu la mbele kidogo tu, akasema "rimu imepinda hii, ndo maana tairi inacheza". Nikacheka peke yangu, maana Mwingereza hapo angesema wobble, na meza yenye mguu mfupi angesema wobble, jino la mtoto wobble, sauti ya mtu anayekaribia kulia nayo wobble, mpaka nyota! Ile sayari ya 51 Pegasi b iliyotangazwa 1995 wataalamu waliigundua kwa kupima mwanga wa nyota yake wakaona nyota yenyewe inayumba kidogo kidogo ikivutwa na sayari hiyo. Sisi jino linacheza, meza inalegalega, sauti inatetemeka, mlevi anapepesuka, biashara inayumba. Mi naona anayetafsiri wobble kuwa "kuyumba" kila mahali anatuonea tu.

Na sio utani, hili lilinikuta. Enzi hizo nikiwa mgumu, yani mpagazi wa mlimani, mgeni wetu kutoka Uingereza tulipofika kambi ya Barafu huko Kilimanjaro, mita 4,600 na ushee, akasema anajisikia "a bit wobbly". Mi na kiingereza changu cha stendi nikamwambia kiongozi, kaka huyu miguu imelegea tu, apewe chai. Kiongozi hakunijibu. Akamsimamisha mgeni, akamwambia atembee mstari ulionyooka kisigino kiguse vidole, hatua ya tatu jamaa kapepesuka kama katoka kilabuni. Akashushwa usiku ule ule, maana kule juu kupepesuka hivyo inaweza kuwa ubongo umeanza kuvimba kwa kukosa oksijeni, na hapo hakuna kusubiri asubuhi, unashuka. Kilele cha Uhuru, mita 5,895, alikiona kwenye picha za wenzake.

Alivyorudi kwao akaniandikia kwamba mama yake aliposikia habari zote "she threw a wobbly". Basi mi najua mama wa watu kaanguka, nikamwandikia pole ndefu, mpelekeni hospitali, mtu mzima akianguka msichukulie poa, tunamuombea huku. Kumbe kwao Uingereza maana yake kawaka, kafoka mpaka basi! Mama mwenyewe nasikia alisomewa ule ujumbe, akacheka, alafu akaendelea kufoka.