Mwanafunzi wa sekondari kwenda kazini: tusikatae haraka

Ukitaja tu mwanafunzi wa sekondari kufanya kazi, hapa Mombasa jibu ni moja, hiyo ni ajira ya watoto, mwacheni asome. Naelewa, tumeona watoto wakienda kubeba mizigo soko la Kongowea na mtu akishazoea kushika pesa kila jioni kumrudisha darasani ni vita. Lakini kuna mpango mwingine tofauti kabisa na watu wanauchanganya na huo.

Chicago, mtaa wa Pilsen wenye familia nyingi za asili ya Mexico, mapadri Wajesuiti walifungua sekondari ya Cristo Rey mwaka 1996. Wazazi hawakuwa na uwezo wa karo, basi shule ikaenda kwa makampuni ikasema tupeni nafasi moja ya kazi ya ofisini, tutaijaza na wanafunzi wanne. Kila mmoja anafanya siku 5 kwa mwezi, wanne wakipokezana ni siku 20, mwezi wa kazi umetimia na hakuna aliyekosa kipindi maana ratiba ya masomo imepangwa hivyo. Malipo yanaenda shuleni kupunguza karo.

Watu wanaona hiyo karo tu, mimi naziangalia zile siku 5. Mtoto wa mwenye kampuni ya clearing hapa mjini, likizo ikifika yuko ofisini kwa babake, anajua mzigo unatolewaje bandarini, anajua nani apigiwe simu. Mwenzake wa Likoni anamaliza shule ofisi pekee aliyoingia ni ya chifu kutafuta barua ya basari. Halafu wote wawili wanaomba kazi moja na tunashangaa nani ameipata! Siku 5 kwa mwezi kwa miaka yote ya sekondari ni watu wangapi watamjua kwa jina, wangapi wameona anafika mapema na anamaliza alichopewa, na Mombasa kazi nyingi zinapatikana kwa kujuana, huyu mtoto hana mjomba wa kumtaja.

Ubaya upo. Uchovu, mabosi wa kumtuma chai siku nzima, wasichana kukosa wa kuwalinda, na vijana waliomaliza shule watauliza mbona nafasi yao imepewa watoto. Linalonitisha zaidi ni pesa. Reli mpya ya SGR ya Mombasa hadi Nairobi ilipoanza 2017 na makontena mengi yakapelekwa kutolewa Nairobi, kazi za clearing na malori hapa ziliumia vibaya, sasa fikiria karo ya mtoto ingekuwa imefungwa kwa kampuni kama hizo, angerudishwa nyumbani kwa kosa gani?

Kwa hivyo karo isiguswe, serikali iendelee na ule mgao wake wa shilingi 22,244 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa, sisi tuchukue zile siku za ofisini tu. Sheria ya Ajira ya 2007 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 13, isiyomdhuru wala kumkosesha shule, na vijana wa Grade 10, mwaka wa kwanza wa sekondari ya juu, walioanza Januari 2026 ni wa kuanzia nao. Kaunti, mahoteli na ofisi za meli zitenge nafasi, mwalimu awe anapita kukagua. Nauli na chakula cha mchana kampuni ilipe, kwa sababu feri mtoto wa Likoni anavuka bure lakini akitoka pale kwenda Shimanzi ama Nyali ni matatu, na mzazi wake hiyo pesa hana.