Dola 5,000 za Manhattan, na hati ya wito iliyoishia njiani

Fedha yenyewe si nyingi: dola 5,000 hivi. Mwishoni mwa Machi 2023 ofisi ya Mwendesha Mashtaka wa Wilaya ya Manhattan, Alvin Bragg, ilikiri kwamba kati ya Oktoba 2019 na Agosti 2021 ilitumia kiasi hicho cha fedha za serikali kuu katika uchunguzi uliomhusu Donald Trump au kampuni yake. Hata hivyo hizo hazikuwa ruzuku. Zilitokana na mali za wahalifu zilizotaifishwa, na ofisi hiyo hiyo ndiyo iliyosaidia kuzikamata. Lakini kwa Jim Jordan, mbunge wa Republican kutoka Ohio na mwenyekiti wa Kamati ya Sheria ya Baraza la Wawakilishi, dola hizo zilikuwa mlango, naye aliusukuma kwa bega.

Barua ya kwanza ya Jordan na wenyeviti wenzake wawili iliandikwa Machi 20, siku mbili baada ya Trump kutangaza kwamba anatarajia kukamatwa. Wakati huo hakuna shtaka lililokuwa limefunguliwa. Bragg akakataa kutoa nyaraka. Machi 30 baraza la raia wa New York likapiga kura Trump ashtakiwe, na Aprili 4 akasimama mahakamani kusomewa mashtaka 34 ya kughushi kumbukumbu za biashara. Siku mbili baadaye Jordan akatoa hati ya wito.

Hapa ndipo ninapomvulia kofia kwa ujanja. Hati hakuiandika kwa jina la Bragg. Aliiandika kwa jina la Mark Pomerantz, wakili aliyekuwa akiongoza uchunguzi huo na kujiuzulu Februari 2022 alipoona Bragg anasitasita kumshtaki Trump. Mwaka mmoja baadaye Pomerantz alitoa kitabu kuhusu uchunguzi huo na kukizungumzia kwenye televisheni, ingawa ofisi yake ya zamani ilikuwa imemwonya kwamba kufichua mambo ya siri kunaweza kumtia hatiani. Alikwisha kumwaga mtama penye kuku wengi. Bragg alipokwenda mahakamani Aprili 11 kuzuia hati hiyo, akadai kwamba mazungumzo ya ndani ya ofisi yake ni siri, mtama ulikuwa tayari umedonolewa.

Kwa msomaji wa huku kwetu, aliyezoea kuona mashtaka ya jinai yakisimamiwa na ofisi moja ya taifa ya DPP, picha ya Marekani inahitaji kunyooshwa kidogo. Bragg hakuteuliwa na rais. Alipigiwa kura na wakazi wa Manhattan Novemba 2021, kwa tiketi ya chama cha Democrat, na anashtaki kwa sheria za jimbo la New York. Washington haimwajiri na haiwezi kumfukuza. Anayeweza kumwondoa ni gavana wa New York kwa utaratibu wake, au mpiga kura. Kwa hiyo swali lilikuwa pana kuliko Trump: je, Bunge la taifa linaweza kumfikia mtu wa namna hii kwa karatasi yenye muhuri?

Upande wa Jordan una hoja nzito kuliko wapinzani wake wanavyopenda kukubali. Tangu mwaka 1927, katika kesi ya McGrain dhidi ya Daugherty, Mahakama ya Juu imeshikilia kwamba uwezo wa kulazimisha mashahidi umo ndani ya uwezo wa kutunga sheria. Huwezi kutunga sheria gizani. Jordan alisema kamati yake inafikiria mambo mawili: kuweka masharti ya matumizi ya fedha za mali zilizotaifishwa, na kuwawezesha marais, waliopo na wastaafu, kuhamisha kesi za majimbo kwenda mahakama za serikali kuu. Yote mawili ni kazi halali ya Bunge. Na mahakama za huko hazipimi nia ya moyoni. Mbunge akiwa na sababu halali mkononi na kisasi rohoni, jaji anaangalia mkono.

Hivyo ndivyo Jaji Mary Kay Vyskocil alivyoona Aprili 19. Alikataa kuzuia hati, akasema kurasa 35 za kwanza za malalamiko ya Bragg hazihusiani sana na hati yenyewe, ni mashambulizi ya propaganda tu dhidi ya Trump. Aliongeza kwamba haungi mkono ajenda ya upande wowote. Ni kweli aliteuliwa na Trump, na wapo walioishia hapo hapo. Mimi nilisoma sababu zake, na ile ya kitabu, kwamba siri Pomerantz alikwisha kuitoa mwenyewe, sijaona aliyeijibu vizuri.

Sasa upande wa Bragg. Mwaka 1957, katika kesi ya Watkins, Mahakama hiyo hiyo ya Juu ilisema Bunge si polisi wala si mahakama, na halina ruhusa ya kumwanika mtu kwa ajili ya kumwanika tu. Mwaka 1971, katika kesi ya Younger dhidi ya Harris, ikasema hata majaji wa serikali kuu wajizuie kuingilia kesi ya jinai inayoendelea jimboni. Kama jaji, ambaye kazi yake ni kuamua, anatakiwa kukaa pembeni, mwanasiasa anaingiaje? Isitoshe Trump hakuwa yatima. Alikuwa na mawakili, na mahakama ya New York ilikuwa wazi kupokea ombi lake lolote la kufuta mashtaka kwa madai kwamba yanasukumwa na siasa.

Kuna pia jambo ambalo vitabu vya sheria havina kipimo chake. Katika wiki hizo ofisi ya Bragg ilipokea simu na barua pepe zaidi ya elfu moja kutoka kwa wafuasi wa Trump, nyingi za vitisho, na bahasha moja ikaja na unga mweupe na ujumbe wa kutaka kumuua. Unga ulipimwa ukaonekana hauna madhara. Simlaumu Jordan kwa bahasha. Ila karani anayefungua barua asubuhi ile haoni mpaka kati ya kelele za barabarani na barua yenye nembo ya Bunge.

Ninapoweka yote mezani, naona Jordan alikuwa na haki ya kuuliza kuhusu dola 5,000 na hakuwa na haki ya kuuliza kwa nini Bragg alimshtaki Trump leo badala ya jana. La kwanza ni hesabu ya fedha za umma. La pili ni rufaa, na rufaa ina mahali pake. Shida ni kwamba maswali ya kamati yalielemea la pili. Aprili 17 kamati ilifunga safari hadi Manhattan, ikaketi katika jengo la serikali kuu la Javits, hatua chache tu kutoka ofisi ya Bragg, kusikiliza wahanga wa uhalifu jijini. Maumivu yao yalikuwa ya kweli. Lakini mwizi wa barabarani hajawahi kuhitaji sheria ya kuwakinga marais wastaafu.

Na Jordan ana doa analotembea nalo. Mei 2022 kamati iliyochunguza uvamizi wa Bunge wa Januari 6 ilimpelekea yeye mwenyewe hati ya wito. Hakwenda. Steve Bannon na Peter Navarro, washirika wa Trump waliokaidi hati za kamati hiyo hiyo, walifungwa miezi minne kila mmoja. Jordan akapewa uenyekiti.

Bragg alikata rufaa, na Mahakama ya Rufaa ikasimamisha kila kitu siku ambayo Pomerantz alitakiwa kufika. Kesho yake, Aprili 21, pande mbili zikaelewana: Pomerantz atahojiwa, na wakili wa ofisi ya Bragg ataketi pembeni yake. Mei 12 alifika, akasema kikao ni cha maonyesho na si cha kutunga sheria, kisha kwa swali baada ya swali akagoma kujibu kwa haki yake ya kutojitia hatiani. Saa zikapita, na kamati ikaondoka na kidogo sana kuliko kilichokuwa tayari dukani kwa bei ya kitabu kimoja.

Mchezo ulihamia Georgia. Fani Willis, mwendesha mashtaka wa Kaunti ya Fulton, alimshtaki Trump na wenzake 18 Agosti 2023. Jordan alipoandika barua, Willis alimjibu kwa ukali kwamba haelewi misingi ya sheria. Februari 2024 hati ya wito ikaja, na mlango ukawa ule ule: fedha za serikali kuu, safari hii ruzuku. Zilikuwa fedha nyingi zaidi kuliko za Manhattan, kwa hiyo mlango ulikuwa mpana zaidi, lakini nyuma yake alikuwa amesimama mtu yule yule, Trump.

Mawakili wa pande zote wanajua pia habari ya saa. Baraza la Wawakilishi huisha kila baada ya miaka miwili, na hati zake za wito hufa nalo. Anayetaka kukwepa anahitaji kuchelewesha tu. Anayetaka kuuliza hawezi kusubiri kesi imalizike, kwa sababu huenda kamati isiwepo. Ndiyo maana wanagongana kesi ikiwa bado ya moto, na ndiyo maana wanaelewana kabla jaji wa rufaa hajaandika lolote la kudumu. Trump alitiwa hatiani kwa mashtaka yote 34 Mei 30, 2024, na kesi ya Georgia ikafutwa Novemba 2025. Swali la nguvu ya hati liko pale pale. Siku Bunge la Democrat litakapomwita mwendesha mashtaka wa Republican kutoka kaunti fulani ya Texas, wakili wake atafungua malalamiko ya Alvin Bragg, aruke zile kurasa 35 za mwanzo, na aanze kunakili.