Muhali ndio unaotuvujishia taarifa

Ofisi ya Unguja ikitaka kununua programu ya kusimamia miradi, swali la mwanzo kwa muuzaji huwa lile lile: seva ziko wapi? Muuzaji anajibu Ireland au Virginia, anaongeza kuwa kila kitu kimesimbwa, yaani kimegeuzwa maandishi ya siri, kwa njia iitwayo AES ya biti 256, wakubwa wanatikisa vichwa, chai inaletwa, mkataba unatiwa saini. Swali lenyewe si baya. Sheria ina masharti juu ya taarifa za watu zinazopelekwa nje ya nchi, na ni haki kuuliza. Lakini katika kazi hii ya kuzipangia ofisi mifumo, Mjini na Chake Chake, sijawahi kuona taarifa zikivuja kwa sababu ya mahali ilipo seva. Nilichokiona ni watu kubaki ndani ya mfumo wakati hawana tena kazi humo, na wenye ofisi kuona muhali, ile haya ya kumkwaza mwenzako, kuwatoa.

Chukua mradi wa wakulima wa mwani, Paje na Jambiani. Afisa wake anamaliza mkataba na kuhamia taasisi nyengine. Anaagwa vizuri, anapigwa picha, anapewa zawadi. Funguo za ofisi anarudisha. Jina lake kwenye ubao wa mradi, ule ukurasa wa programu ambamo kila kazi ina kadi yake, linabaki. Ukiuliza kwa nini, unajibiwa: "Aa, yule mwenzetu bwana, ataona tumemshuku." Na kweli ni mwenzao. Anakaa mtaa mmoja na mhasibu, wanasali msikiti mmoja, na harusi ya Ijumaa ijayo wote wamealikwa. Nani atabonyeza kitufe cha kumwondoa, halafu akutane naye barazani jioni?

Basi anabaki, na kila kadi mpya anaiona. Mara nyingi hana nia mbaya hata chembe. Ila simu yake inachezewa na watoto, siku moja inampotea Darajani, na paswedi ya mfumo ndiyo hiyo hiyo ya Facebook yake. Atakayeiokota hana haja ya kuvunja usimbaji wa biti 256 wala wa biti ngapi. Anaingia kama mwenyeji.

Na ndani mna nini? Watu husema "sisi hatuna siri, ni kazi tu." Fungua kadi iliyoandikwa "Malipo awamu ya pili" uone: picha za vitambulisho vya Mzanzibari Mkaazi, namba za simu zinazopokea fedha, shehia, saini. Kadi ya pembeni ina bei za wakandarasi watatu wanaogombea kazi ya ghala, na kabla zabuni haijafunguliwa mtu aliyeondoka zamani anaweza kuzisoma akiwa kitandani kwake. Hapo sisemi kwamba ana shemeji mkandarasi. Nasema tu kisiwa ni kidogo.

Udogo huo ndio jambo ambalo miongozo mingi inayoletwa na wafadhili hailifikirii. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar nzima, na shehia moja ni watu wanaojuana. Tunafundishwa kwamba ukifuta jina umemficha mtu. Andika "mjane, miaka 41, watoto watano, Michamvi", jina usiliweke. Michamvi yote imeshamjua, na jirani yake ataongeza na usilolijua. Katika mradi wa mwani madhara yake ni fitina. Katika mradi wa afya, au wa wanawake waliopigwa majumbani, ni balaa. Kwa miradi ya namna hiyo msimamo wangu ni mkali kuliko wa wauzaji: maelezo ya mtu yasiingie kwenye ubao wa kazi kabisa. Kadi iseme "mnufaika namba 17, ziara imefanyika", na orodha ya majina ikae pengine, mikononi mwa watu wawili wanaojulikana. Ubao ni wa kujua kazi imefika wapi. Haukuwekwa kuhifadhi maisha ya watu.

Jengine linalonikera ni ile akaunti moja ya ofisi nzima. Sababu yake ni fedha. Programu hizi nyingi hutoza kwa kila mtumiaji, kila mwezi, kwa dola, na ofisi yenye watu kumi na wawili inanunua nafasi moja au mbili halafu paswedi inabandikwa ukutani, au inatumwa kwenye kundi la WhatsApp ambalo nalo lina watu walioondoka zamani. Watu wanaona wameokoa fedha. Walichopoteza ni kumbukumbu. Mfumo huandika nani kafungua, nani kafuta, nani kapakua orodha saa ngapi, na jina moja likiwa la wote, kumbukumbu hiyo haina maana. Orodha ya malipo ikibadilishwa usiku, mfumo utasema "Ofisi" imebadilisha. Ofisi nani? Afadhali programu rahisi zaidi ambayo kila mtu anaingia kwa jina lake kuliko ya ghali inayotumiwa na kivuli.

Ipo na aina mbaya zaidi ya hii, nayo ni ofisi ambayo haimiliki mfumo wake. Kijana mmoja mwenye bidii aliufungua miaka hiyo kwa barua pepe yake binafsi, akawa ndiye mmiliki kwenye mipangilio. Akawasha na uthibitisho wa hatua mbili, jambo zuri kabisa, ila namba ya siri inakwenda kwenye simu yake. Sasa yuko Muscat. Nimeikuta ofisi ambayo asubuhi ikitaka kubadilisha chochote kikubwa hupiga simu Oman: "Sheikh, imekuja ile namba? Tusomee." Yeye anasoma, Mungu ambariki. Siku akikasirika, au simu ikizima, ofisi nzima iko nje ya nyumba yake. Akaunti ya mmiliki iwe ya barua pepe ya taasisi, na wawe wamiliki wawili, basi. Namba za uthibitisho zitoke kwenye programu maalumu ya simu badala ya ujumbe mfupi, kwa sababu laini inaweza kusajiliwa upya kwa hila na mtu mwengine.

Asidhani mtu kwamba haya ni ya visiwani tu. Mwaka 2018 mtafiti mmoja wa usalama alizikuta mbao za Trello, mojawapo ya programu hizi za kusimamia miradi, za wafanyakazi wa Umoja wa Mataifa zikiwa wazi kwa dunia nzima, na ndani yake mna nywila na nyaraka za ndani. Alizipata kwa kutafuta Google. Trello yenyewe haifungui ubao kwa umma bila kuambiwa. Mtu fulani alibonyeza "wazi kwa wote" ili kumrahisishia mwenzake. Muhali mwengine huo. Januari 2024 anwani za barua pepe za akaunti zaidi ya milioni 15 za Trello zikatangazwa kuuzwa, baada ya mtu kuilinganisha orodha ya anwani aliyokuwa nayo na akaunti hizo kupitia mlango wa mfumo ulioachwa unajibu maswali bila kumuuliza mwulizaji ni nani. Hilo la pili hatungeweza kulizuia sisi. Lakini mwenye paswedi ile ile kila mahali ndiye wa kuhangaika baada ya habari kama hizo.

Kampuni nazo hukosea. Aprili 2022 Atlassian, kampuni yenye Trello, katika matengenezo, ilifuta kwa makosa mifumo ya mamia ya wateja, na wengine walikaa hadi wiki mbili bila kazi zao. Kwa hiyo pakua nakala yako kila mwezi na uiweke ofisini. Sina la ziada hapo.

Sheria ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu ajisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na azitumie kwa lile alilolikusudia. Kwa Zanzibar haigusi mambo yasiyo ya Muungano, na nimeshasikia hilo likitumiwa kama kisingizio mikutanoni. Sikikubali. Katiba ya Zanzibar ya 1984 nayo inalinda faragha ya mtu, na yule mama wa mwani alipotoa kitambulisho chake hakuuliza jambo hili ni la Muungano au la.

Tufanyeje basi na muhali? Kuuondoa hatutaweza, na mimi sitaki uondoke. Ndio unaotuwezesha kukaa pamoja. Dawa ni kumtoa mtu lawamani. Ofisi zetu zimeshazoea hati ya makabidhiano: kompyuta, funguo, kitambulisho, mhuri. Ongeza mstari mmoja, "akaunti za mifumo zimefungwa", usainiwe siku ile ile kabla ya picha na zawadi. Mwanafunzi wa fildi na mshauri wa nje wawekewe tarehe ya kutoka tangu siku ya kuingizwa. Likiwa ni la kila mtu, hakuna aliyeshukiwa.

Lakini lazima liwe la kila mtu kweli. Karibu kila ofisi niliyoingia, jina la juu kabisa kwenye orodha ni la mkurugenzi aliyestaafu, mzee anayeheshimiwa, ambaye hakufungua mfumo tangu aondoke na bado ana uwezo wa kufuta kila kitu. Vijana wananiambia tuanze na wengine kwanza, mzee tumwache. Mimi huwaambia tuanze na yeye, na mkurugenzi wa sasa ndiye ampigie simu. Gari la ofisi alilikabidhi mwenyewe, bila ya mtu kumwambia.