Muuguzi mwenye shahada aanze moja Ujerumani?

Tangu Kenya na Ujerumani zitie saini makubaliano ya uhamiaji wa kazi mjini Berlin tarehe 13 Septemba 2024, kuna swali lisilokauka miongoni mwa wauguzi. Nina shahada, nina leseni ya baraza, nimekaa wodini miaka kadhaa. Je, niombe vyeti vyangu vitambuliwe, au nijiunge na Ausbildung, ule uanagenzi wa miaka mitatu, kama kijana aliyemaliza sekondari jana? (Kwa wanaokumbuka kelele za ajira laki mbili na nusu: makubaliano hayakutaja idadi yoyote, na serikali ya Ujerumani ilisema hivyo siku hizo hizo.)

Wanaotetea utambuzi huona uanagenzi ni kujidhalilisha. Wanaotetea uanagenzi huona utambuzi ni kazi ya wenye subira ya Ayubu. Kila upande una lake la kweli, ila wote hurukia jibu kabla ya kuuliza shahada yenyewe ni ya nini.

Hapo ndipo pesa za watu hupotelea. Shahada ya afya si lazima iwe shahada ya uuguzi. Ofisa tabibu, ambaye huku kwetu hupima, huandika dawa na hata kushona kidonda, akifika Ujerumani hakuti kiti chake, maana kada hiyo haipo. Udaktari hana, na uuguzi hakuusomea. Mwenye shahada ya afya ya jamii anayetaka kuingia wodini kama muuguzi yuko kwenye mashua hiyo hiyo. Kwa hawa sioni mjadala: uanagenzi ndio mlango wao wa uuguzi, na si aibu kuupitia.

Kuna na kosa la pili. Watu hulipa euro 208 kwa ZAB, ofisi inayolinganisha shahada za nje, wakipata karatasi yao wanashangilia. Karatasi hiyo haimpi mtu ruhusa ya kufanya kazi kama muuguzi. Uuguzi ni taaluma inayolindwa na sheria, na anayeamua ni mamlaka ya jimbo unakokwenda kufanya kazi. Majimbo yako 16, na kila moja lina ofisi zake na kasi yake.

Sasa tuje kwa muuguzi hasa. Mamlaka ya jimbo hulinganisha masomo yake na sheria ya uuguzi iliyoanza kutumika mwaka 2020, inayodai saa 2,100 za darasani na saa 2,500 za vitendo. Palipo na pengo kubwa, wanatazama kama uzoefu wa kazi unaliziba. Uzoefu usipoliziba, muuguzi anaandikiwa barua yenye orodha ya mapengo na kupewa hiari mbili: kozi ya kujazia, au mtihani wa mdomo na wa vitendo mbele ya wagonjwa. Si vigumu kukisia pengo litatokea wapi. Sheria ile iliunganisha uuguzi wa kawaida, wa watoto na wa wazee kuwa kitu kimoja, nasi hatuna desturi ya kumfundisha mtu kwa miezi jinsi ya kumtunza bibi wa miaka tisini aliyesahau jina lake. Tangu 2024 unaweza pia kuruka ulinganisho huo na kwenda moja kwa moja kwenye mtihani au kozi, jambo ambalo kwa wengi ni nafuu kuliko kusubiri barua.

Kwa upande wa mfuko, hesabu inaelemea utambuzi. Julai 2025 kima cha chini kwa muuguzi kamili katika sekta ya utunzaji kilipanda hadi euro 20.50 kwa saa, na cha msaidizi asiyesomea hadi euro 16.10. Mwaka huo huo mwanagenzi wa mwaka wa kwanza katika taasisi za umma alipata kama euro 1,400 kwa mwezi kabla ya makato. Aliyeacha mtoto Nakuru na mzazi anayengoja dawa ya presha hawezi kuichukulia miaka mitatu ya posho hiyo kwa wepesi. Hata ukaazi wa kudumu unafuata hesabu hiyo hiyo. Aliyetambuliwa anaweza kuuomba baada ya miaka mitatu ya kibali cha mtaalamu. Aliyesomea Ujerumani anaweza baada ya miwili, lakini miwili hiyo inahesabiwa baada ya kuhitimu na kuanza kazi. Jumlisha na mitatu ya shule.

Pamoja na hayo, siwacheki wanaochagua uanagenzi. Lugha peke yake inatosha kuwapa haki. Utambuzi kwa kawaida unadai Kijerumani cha B2 (ngazi ya nne kati ya sita za lugha), na B2 ya darasani na Kijerumani cha zamu ya usiku ni ndugu wa baba mmoja, mama tofauti. Mwanagenzi anaruhusiwa kutoelewa. Ana mwalimu wa kumsahihishia taarifa aliyoiandika vibaya, ilhali muuguzi kamili anatarajiwa kupokea simu ya daktari saa tisa usiku na kuielewa mara ya kwanza. Isitoshe, cheti cha Kijerumani kinatambulika kwa wepesi katika nchi za Umoja wa Ulaya, wakati aliyetambuliwa kwa cheti cha Nairobi anaweza kukuta foleni mpya akihamia kwingine.

Halafu kuna jambo lisilosemwa vya kutosha kwenye semina za kwenda ng'ambo, nalo ni kazi yenyewe ilivyo. Muuguzi wa zahanati ya kijijini huku kwetu huweka kanula, hushona, huzalisha peke yake usiku kwa tochi ya simu. Ujerumani, katika hospitali nyingi, kuchoma mshipa na kutoa damu kumezoeleka kuwa kazi ya daktari. Kuzalisha kumewekwa na sheria mikononi mwa wakunga na madaktari, na ukunga sasa husomewa kwa shahada yake mwenyewe. Kwa hiyo ule ukunga uliosoma pamoja na uuguzi unabaki kwenye sanduku, labda uuombee utambuzi wa peke yake. Kinachobaki, tena kwa wingi, ni kumwogesha mgonjwa, kumlisha, kumgeuza, kumbadilisha nepi. Kazi ambayo kwetu huangukia ndugu aliyekaa pembeni ya kitanda. Kule ndiyo sehemu ya kiini cha uuguzi, na mwenye shahada haondolewi. Mwanagenzi huligundua hili mwanzoni kabisa, akalizoea. Aliyetambuliwa, aliyekwenda akidhani atakuwa msaidizi wa daktari, ndiye anayepiga simu nyumbani akilia.

Lakini nina shaka na wale wanaompendekezea kila mtu uanagenzi. Muuguzi mwenye miaka minne ya wodi, akiajiriwa kwa posho ya mwanafunzi, ni bahati ya mwajiri. Anajua kupima, anajua kumtambua mgonjwa anayezidiwa, na analipwa kama asiyejua. Wakala akikusukuma huko bila hata kuuliza ulisomea nini, muulize anayemlipa ni nani. Tangu 2022 Ujerumani ina alama rasmi ya uajiri wa haki katika utunzaji, na wenye alama hiyo hawaruhusiwi kumtoza muuguzi gharama za kumtafutia kazi.

Wasomaji wa Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo mna la ziada. Nchi zenu zimo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 ya nchi 55 zenye uhaba mkubwa wa wahudumu wa afya, Kenya haimo. Kanuni za Ujerumani haziruhusu mawakala binafsi kutafuta wafanyakazi wa afya kwenye nchi hizo. Wewe mwenyewe kuomba ni ruksa. Basi anayepanga ukumbi Dar es Salaam akiahidi kupeleka wauguzi Ujerumani ana maswali ya kujibu kabla hujafungua pochi.

Mimi ningemwambia muuguzi mwenye shahada na leseni aende kwa utambuzi, na asiache kazi mpaka awe na B2. Na kabla hata ya kulipia A1, ngazi ya kwanza ya lugha, aende chuoni alikosomea akaombe mtaala wa mwaka wake unaoonyesha saa za kila somo, za nadharia mbali na za vitendo, ukiwa na mhuri. Matokeo ya mitihani peke yake hayatoshi, maana mamlaka ya jimbo hutaka kujua alisoma kwa saa ngapi. Karani akimjibu kwamba mafaili ya miaka ile hayaonekani, na akirudi mara ya tatu jibu ni lile lile, hapo nami nitaanza kumwelewa anayejaza fomu ya uanagenzi.