Hukumu ya mahakama ya kwenu haivuki mpaka yenyewe

Tangu nianze kufanya kazi na wateja wa nje, na mimi mwenyewe nikaja kukwama na mmoja, kuna swali naulizwa mara kwa mara: kazi nimefanya, mteja kaipokea, kaisifia kabisa, halafu kanyamaza bila kulipa, meseji anasoma hajibu, na yuko nchi nyingine, je nimshtaki? Na karibu kila anayeniuliza kichwani ameshachagua mahakama, ile ya kwao, kwasababu ndio anayoijua, lugha anaielewa na wakili yuko karibu. Mi naamini hapo ndipo watu wanapoteza hela mara ya pili.

Swali la kwanza sio nishtaki wapi, ni huyu mtu mali zake ziko wapi. Akaunti yake iko benki ya nchi gani, nyumba, gari, mzigo bandarini, na wateja wake yeye anaowadai wako wapi. Mwisho wa safari yote hii ni mtu wa mahakama kwenda kushika kitu, na atashika tu pale sheria ya nchi yake inapofika. Hukumu uliyoipata nyumbani ikifika kule inabaki karatasi mpaka mahakama ya kule ikubali kuitambua, na kuna nchi hazitambui kabisa kama hamna makubaliano kati ya serikali mbili, itabidi uanze kesi upya, ushahidi upya, wakili mpya. Hata Marekani hakuna sheria moja ya nchi nzima kwa hukumu za nje, kila jimbo lina ya kwake.

Nina mwenzangu alishinda kesi kwao, mdaiwa hakutokea hata siku moja, akapewa hukumu ya upande mmoja, akafurahi sana. Alipoipeleka kwa wakili wa nchi ya mdaiwa akaulizwa kitu kimoja tu, wito wa mahakama ulimfikiaje mdaiwa? Aliutuma kwa imeili. Basi, ikawa imeishia hapo na miaka miwili ilishaenda. Kuna mkataba wa Hague wa 1965 unaohusu hasa hili suala la kupeleka nyaraka za mahakama nje, kila nchi mwanachama ina ofisi maalum ya kuzipokea, na nchi kama Ujerumani na China zimekataa nyaraka za namna hii kutumwa kwa posta tu chini ya mkataba huo. Ukikosea hapo, hata kama unadai haki tupu, unampa mdaiwa mlango wa kutokea.

Sasa ikiwa mali zake ziko nchi yake, mara nyingi bora uende kumshtaki huko huko. Najua inatisha. Ila sio lazima iwe kesi ndefu, nchi nyingi zina utaratibu wa amri ya malipo kwa deni ambalo mtu hana cha kulipinga. Ujerumani kwa mfano unajaza fomu, mahakama haiingii kuchunguza kama dai lina ukweli, inamtumia mdaiwa, ana wiki mbili za kupinga, akikaa kimya unaomba amri ya kukaza, yani ya kumlazimisha alipe. Na mdai asiye na makazi Ujerumani maombi yake yanaenda mahakama ya Wedding pale Berlin, yani wamewatengea kabisa watu wa nje. Ndani ya Umoja wa Ulaya, ukitoa Denmark, kuna amri ya malipo inayotambuliwa nchi zote hizo tangu Desemba 2008, mdaiwa wa nchi nyingine anapewa siku 30 za kupinga, na kwa madai madogo kuna kesi ya njia fupi ambayo mwisho wake ni yuro 5,000. Akipinga lakini, inageuka kesi ya kawaida, kwahiyo kama mlishaanza kubishana kuhusu ubora wa kazi usitegemee sana njia hii.

Kwa deni kubwa mi ni mtu wa usuluhishi, yani mnakubaliana mtu wa kati awaamulie badala ya mahakama na uamuzi wake unawafunga, na sibadiliki. Sababu ni mkataba wa New York wa 1958, nchi zaidi ya 170 zimeukubali, na maana yake ni kwamba uamuzi wa msuluhishi uliotolewa nchi moja mahakama za nchi hizo nyingine zinapaswa kuutambua na kuukaza isipokuwa kwa sababu chache zilizoandikwa, mfano mtu hakupewa taarifa au uamuzi unakwenda kinyume na misingi ya nchi husika. Hukumu za mahakama hazijafika huko, mkataba wake wa Hague wa 2019 umeanza kufanya kazi Septemba 2023 na nchi zilizoingia bado ni chache. Shida ni moja, usuluhishi unahitaji makubaliano, na mtu aliyeshakula hela yako hawezi kuja kukusainia leo. Kile kipengele cha mwisho kwenye mkataba ambacho wote tunakiruka, cha migogoro itaamuliwa wapi na kwa sheria ipi, ndio kinachokuokoa au kukumaliza.

Halafu muda jamani. Watu wanabembelezana na mdaiwa miaka, "mwezi ujao nalipa", na sheria inahesabu. England deni la mkataba ni miaka 6, Ufaransa kwa kawaida 5, Ujerumani 3 tu kuanzia mwisho wa mwaka lilipozaliwa. Ukimbembeleza Mjerumani kwa kutegemea saa ya Uingereza umeliwa.

Na polisi sio njia. Deni peke yake sio jinai, mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa wa 1966, ibara ya 11, unakataza kumfunga mtu kwasababu tu ameshindwa kutimiza mkataba. Utapeli ni kitu kingine, huo uuthibitishe. Kumtishia mtu mitandaoni au kumpigia bosi wake kunaweza kukurudia wewe ukawa ndio mshtakiwa.

Gharama pia piga kabla. England anayeshindwa kwa kawaida anabeba sehemu kubwa ya gharama za wakili wa mwenzake, Marekani kwa kawaida kila mtu na wakili wake hata ukishinda, kwahiyo deni dogo kule linaweza kuliwa lote na ada.

Mimi kwa yule wangu sikufika mahakamani. Nilikusanya ankara, imeili aliyoandika "kazi nzuri, nalipa Ijumaa" na uthibitisho kwamba alipokea, nikamlipa wakili wa mji anaoishi yeye aandike barua moja ya madai, kwa lugha yao, ikitaja sheria yao na tarehe ya mwisho. Mimi nilikuwa nimemwandikia mara kumi na moja bila jibu. Barua ya wakili ilijibiwa siku ya tatu, akaomba alipe kwa awamu mbili, nikakubali kwa maandishi na saini yake, awamu zote zikaingia. Riba niliiacha.